Kisu cha Mkono wa Kushoto

Siku kisu kilipomfungia kidole, Mashoto hakupiga kelele. Alikuwa juu ya lori la magunia, amepiga magoti kwenye turubai lililolowa, anatoboa pindo lenye mikunjo minne ili apitishe kamba mpya. Alisukuma, akazungusha mkono kidogo kama alivyozoea, na kisu kikajikunja kikiwa na kidole chake ndani. Alikitazama kidole kilivyofunguka, kisha akamwita dereva aliyekuwa chini.

"Niletee kitambaa," alisema. "Kisiwe na grisi."

Jina la Mashoto alilipata shuleni kwa sababu ya mkono anaoandikia. Alipoajiriwa kwenye yadi ya malori kuwa fundi wa maturubai, jina likamfuata huko bila kukaribishwa. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa ileile: kushona palipochanika, kubadilisha pete za chuma, kukata kamba zilizochoka na kuweka nyingine. Sindano, uzi wa nailoni na kisu cha kukunja mfukoni. Zaidi ya hapo hakuhitaji kitu.

Kwenye kituo cha afya aliangukia mikononi mwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa nesi zamu ile.

"Ulikuwa umesinzia na kisu mkononi?" wifi aliuliza huku akivaa glavu.

"Shona kwanza, wifi. Matusi baadaye."

"Mimi naweza vyote kwa pamoja. Mtoto akililia wembe mpe, ndiyo haya sasa. Tulia."

Zilipita nyuzi tisa. Matusi hakuna aliyeyahesabu, lakini hayakuwa machache kuliko nyuzi.

Kesho yake msimamizi wa yadi alijaza fomu ya ajali. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na makaratasi mengi kuliko mikono. Palipoulizwa chanzo, aliandika: uzembe wa mfanyakazi. Akamsogezea Mashoto fomu asaini. Kwa kidole kilichofungwa bandeji kikawa kinene kama gunzi la muhindi, saini ilitoka kama ya mtoto wa chekechea. Alisaini, akaenda nyumbani na yale maneno kichwani.

"Sikuwa naongea na mtu," alimwambia mumewe. "Sikuwa na haraka. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote."

"Ajali haina kinga, mke wangu."

"Basi angeandika ajali."

Mume akafanya alichoweza. Wiki tatu zilipopita na Mashoto akawa anarudi kazini, alimletea kisu kipya kisichokunjwa, kizuri, chenye ala ya ngozi ya kuvaa kiunoni. "Hiki hakiwezi kukufungia," alisema kwa fahari. "Hakina pa kufungia."

Mashoto alikivaa kwa moyo mweupe. Saa tatu asubuhi mpini ulikuwa umeshamchoma mbavu kila alipochuchumaa. Saa tano, akiteremka ngazi ya tela, ala ilinasa kwenye kamba, naye akabaki ananing'inia kama nguo iliyoanikwa mpaka madereva wawili walipomshusha, mmoja akicheka waziwazi na mwingine akijikaza. Jioni mumewe aliposikia habari hizo alicheka kwanza, halafu akaona haya kwa kucheka.

"Kitakata vitunguu," alisema, akakipeleka jikoni mwenyewe.

Ikabidi kutafuta kingine cha kukunja. Wifi aliposikia, aliomba ruhusa ya nusu siku.

"Safari hii naenda na wewe," alisema. "Sitaki tukutane tena kazini kwangu."

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, refu na jembamba, mabomba upande mmoja na rangi upande wa pili. Visu vilikaa kwenye kabati la kioo karibu na misumari. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Mashoto alitoa mfukoni vitu vitatu akavipanga mezani: kipande cha turubai, kipande cha kamba nene, na kile kisu chake cha zamani.

"Huyu hajaja kuangalia tu," mwenye duka alimwambia wifi.

"Mbuzi kwenye gunia hatununui leo, kaka. Lete tuone."

Cha kwanza kilikuwa na zana kumi na moja ndani yake: bisibisi, msumeno, kifungua chupa, hata kijiti cha meno. Mashoto alilikunjua bapa la kukatia, akalibonyeza kwenye meza, likapinda kama jani.

"Wifi yangu hashoni maturubai kwa kijiti cha meno," wifi alisema.

Cha pili kilichomoka chenyewe ulipobonyeza kitufe, tena kwa mlio mzuri. Kilimvutia Mashoto. Alikibonyeza mara nne.

"Mchanga ukiingia kwenye hii springi?"

"Unakifungua, unakisafisha, unakitia mafuta."

"Nikiwa juu ya lori?"

Mwenye duka alikirudisha. Ndipo akatoa cha tatu, kizito, bapa nene, chuma kisichoshika kutu. "Hiki ndicho mafundi wanachukua. Nimeuza hivi mpaka nimechoka. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, dada."

Kilifanana na kile cha zamani, ila kipya na kikubwa zaidi. Kilikata kamba kwa mkupuo mmoja. Mashoto alilikunja turubai mara nne, akaliweka juu ya ubao, akachoma, akazungusha mkono. Chini ya ncha za vidole vyake kitu kikasogea. Aliacha pale pale. Akakilaza kisu mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini yai.

"Nini?" wifi aliuliza.

"Kimecheza."

"Hicho hakichezi, dada, ni kipya kabisa." Mwenye duka alikichukua, akachoma turubai lile lile, akazungusha hata zaidi. Kisu kilisimama imara. "Umeona?"

Mashoto aliona, na uso ukamwaka. Basi kweli ni yeye. Uzembe.

Lakini wifi alikuwa ameegemea meza akitazama mikono, si kisu. "Hebu kishike tena," alisema. "Usisukume. Kishike tu." Aliinama karibu, kama anavyoinama kutafuta mshipa. "Na wewe kaka, kishike kama ulivyokishika."

Walikishika kwa zamu, mara mbili mbili.

Ndani ya mpini wa visu vya aina ile kuna ulimi mwembamba wa chuma unaojisukuma nyuma ya bapa na kulizuia lisijikunje. Ukitaka kukifunga, unausukuma ulimi pembeni. Mwenye duka alipokishika kwa mkono wa kulia, ncha za vidole vyake ziliangukia upande mwingine kabisa. Mashoto alipokishika kwa kushoto, ncha za vidole vyake zililala juu ya ule ulimi. Kadiri alivyokaza mkono ndivyo alivyousukuma.

"Unaifungua kufuli yake wewe mwenyewe," wifi alisema. "Kila ukikaza. Toa kile cha zamani."

Cha zamani kilikuwa hivyo hivyo. Ulimi ulikuwa upande ule ule.

Mwenye duka alivaa miwani. Akakihamishia kile kipya mkono wa kushoto, akakikamata kwa ugeni wa mtu anayejaribu kuandika na mkono usio wake, akachoma ubao na kuzungusha. Ulimi ukateleza. Bapa likaanguka nusu, akakiachia upesi.

"Lo!" Alikitazama pale mezani. "Miaka ishirini nauza visu. Sijawahi kukishika kwa mkono huu."

"Kwa hiyo hukusinzia," wifi alimwambia Mashoto, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

Mashoto aligeukia upande wa makopo ya rangi, akasoma maandishi ya kopo moja kwa muda mrefu, na wote wawili wakamwacha asome.

Aliporudi, mwenye duka alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati akitoa boksi lenye vumbi. "Hiki hawakipendi," alisema. "Si kizuri. Lakini kufuli yake iko mgongoni mwa mpini. Kulia, kushoto, haijali."

Kweli hakikuwa kizuri. Kilikuwa cheusi, kinene, mpini umekwaruzwa makusudi usiteleze. Bapa lilikuwa na tundu la kutia dole gumba, unalifikia kutoka upande wowote. Kibanio cha mfukoni kilishikiliwa na skrubu mbili, na unaweza kukihamishia upande wa pili.

"Kama kiatu cha askari," wifi alisema.

Mashoto alikikunjua kwa mkono mmoja, mara kumi. Aliupiga mgongo wa bapa kwenye ubao, mara tatu, kwa nguvu, vidole akiwa ameviweka mbali. Hakikujikunja. Alimwomba wifi ammwagie maji ya kunywa mkononi, akakishika kikiwa kimelowa, akachoma turubai na kuzungusha, taratibu kwanza, halafu kama kazini. Hakuna kilichosogea.

"Makali yake si kama ya kile," mwenye duka alikiri.

"Makali nitayanoa mwenyewe. Kufuli siwezi kuinoa."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kupanda lori lolote, Mashoto aliingia ofisini kwa msimamizi na kile kisu cha zamani na kipande cha ubao. Bapa alikuwa amelizungushia utepe mnene wa plastiki.

"Bosi, naomba ushike hiki kwa mkono wa kushoto. Uchome huu ubao, halafu uzungushe."

"Asubuhi yote hii?"

"Mara moja tu."

Msimamizi alifanya, ili mradi amalize. Kisu kikajikunja kikamgonga vidole. Utepe ulimwokoa. Alikigeuza geuza.

"Mimi situmii kushoto," alisema.

"Ndiyo maana hujawahi kukiona kikifanya hivyo."

"Fomu imeshakwenda, Mashoto."

"Najua."

Simu ilianza kuita mezani. Msimamizi aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza, akavuta karatasi nyeupe. "Chanzo niandike nini?"

"Kufuli ya kisu haikufaa mkono wa mtumiaji."

Aliandika, akasoma kwa sauti, akagonga muhuri. "Sijui kama huko juu wataisoma."

"Nakala moja nipe mimi."

Alimpa. Mashoto alipofika mlangoni, msimamizi akamwita. "Humu ndani mko wangapi wa kushoto?"

"Watatu. Mimi, mama wa stoo, na dereva wa tela la mafuta."

Msimamizi alichukua kalamu tena akaandika hayo pia.

Karatasi haikuutibu mkono, hata hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku kadhaa Mashoto alikunjua kisu kipya, akaweka ncha kwenye pindo, na mkono ukagoma. Alikaa stoo na vipande vibovu vya turubai akavitoboa kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka mama wa stoo akamuuliza kama anatengeneza chujio.

Mwezi ulipokuwa ukiisha, liliingia lori la saruji na turubai lililochanika toka kona hadi kona, na mawingu yakiwa yameshajaza nusu ya anga. Dereva alikuwa akizunguka lori akilalamika kwamba saruji ikilowa atauza mawe. Mashoto alipanda. Alikata kamba mbovu, akakunja pindo, akatoboa, akapitisha kamba, akasogea, akatoboa tena. Alikuwa ameshamaliza upande wa pili aliposikia matone ya kwanza mgongoni.

"Bado?" dereva alipiga kelele kutoka chini.

"Bado fundo moja. Acha kunisemesha."

Alilifunga, akalivuta kwa uzito wake wote kuona kama limeshika. Kisha akakifunga kisu, akakirudisha mfukoni, akashuka ngazi kwenda kutafuta chai.