Jina la Kuita kwa Sauti

Mtoto wangu ameshaanza kutambaa na bado hana jina. Ukoo mzima umejaa sebuleni kwangu hapa Chapwa, umekunywa chai, umemaliza maandazi, na mchungaji anataka jina kabla ya ubatizo wa Jumapili. Nimechoka nao.

Nilishasema ninachotaka: Leo. Ni fupi, nalipenda, basi. Mama mkwe akakunja uso.

"Leo? Na kesho tumwite nani?"

Shemeji yangu Clement akatoa simu, maana huyu bila simu hapumui. "Ngoja, shemeji. Kilatini ni simba. Hapo sawa. Kihispania ni 'nasoma.' Kivietinamu ni kupanda, kama mtu anavyopanda mti."

Nikamuuliza ni Mvietinamu gani atakayekuja Chapwa kumwita mwanangu. Akasema hapa ni mpakani, huwezi jua nani atapita.

"Apewe jina la babu yake, yaishe," mama mkwe akasema. Wote wakafurahi, hata mume wangu Lusubilo.

Jina lenyewe usinitegemee nilitaje. Sisi Wandali mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja. Ndiyo maana mzee alikuwa uani peke yake na chai yake. Dada yangu Nesta mwanawe alipewa jina la mkwe. Anamwita "wewe." Siku akimpotea sokoni sijui atamtafutaje. Mimi nibebe mimba, nitapike hadi nyongo, halafu nimwite mwanangu "wewe" maisha yote? Iliniuma, na nikamwambia Lusubilo hivyo mbele yao. Akaangalia kikombe chake.

Katika kubishana huko hakuna aliyemwona mtoto akitoka. Nyumba yetu iko kando ya barabara, na malori yaendayo Zambia yalikuwa kwenye foleni, yakisogea kidogo kidogo. Tulipomwona alikuwa ameshafika kwenye kokoto, mbele ya tairi. Mama mkwe akapiga kelele kwa jina la babu. Clement naye. Lusubilo naye, huku anatafuta viatu. Mzee mwenyewe akaitika kule uani, "Naam!" Mtoto hata hakugeuka.

"Leo!"

Akaacha kutambaa. Akageuka, akakaa kitako, akanichekea. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita tangu azaliwe, kila nikimnyonyesha, tukiwa wawili tu. Nikamkwapua. Lori likasogea.

Nilirudi ndani nimembeba, na hasira zimenijaa. Clement akafungua mdomo. Nikamwambia akithubutu kunitajia Kihispania nitamtia simu yake kwenye birika.

Kisha sauti ya mzee ikatoka uani. Tangu niolewe hajawahi kusema nami moja kwa moja, na hata sasa hakusema.

"Mama Lusubilo, mwambie mkweo huyo, aandike jina ambalo mtoto anaitikia."

Mama mkwe, aliyekaa bega kwa bega nami, akanigeukia. "Baba anasema uandike..."

"Nimesikia, mama," nikasema, na ndipo nikaanza kulia.