Tabaka la Nne Halikuwa Lake

Dada yangu alikuwa akitengeneza miti isiyoonekana kwa macho. Ndivyo alivyonieleza mimi mdogo wake, niliyeishia kidato cha nne, huku akipanga njiti za kiberiti juu ya meza ya jikoni. Unaanza na molekuli moja ndogo, hicho ndicho kisiki. Unakiotesha matawi. Kila ncha ya tawi unaiotesha mengine mawili, tabaka juu ya tabaka, mpaka unapata kitu kama mpira uliojaa ncha. Ncha hizo hunasa madini ya risasi kwenye maji machafu ya viwandani. Zikitengenezwa kwa namna nyingine, hubeba dawa mwilini. Wenzake wa maabara walimwita Mama Miti. Mimi walinibatiza Bubu, kwa kuwa nikienda kumchukua jioni nilisalimia tu na kukaa kimya.

Kuotesha si kazi, alikuwa akisema, kazi ni kusafisha. Kila tabaka likikamilika, kemikali iliyozidi lazima iondolewe yote kwa pampu, polepole, hata kama wakubwa wananuna. Ikibaki, nayo inageuka kisiki, inaotesha vijiti vyake pembeni. Chupa nzima inakuwa magugu, na hakuna wa kuyapalilia.

Presha ilimwangusha nyumbani, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Chupa yake ilikuwa bado kwenye pampu, tabaka la tatu. Tukamzika.

Udongo wa kaburi haujakauka, jirani akamletea mama maneno. Kazi ya Mama Miti imeharibika. Maji yamepimwa mbele ya wageni waliokuja kuikagua, risasi imo vilevile. Na mkuu wa maabara amesimama ukumbini akasema wasishangae, marehemu alikuwa mgonjwa, mkono wake ulishachoka. Mama hakulia. Alisogeza sahani pembeni, na tangu siku hiyo akawa anakula kwa kulazimishwa. Mwanawe alikuwa amekufa mara moja, sasa walikuwa wanamuua mara ya pili, na safari hii kwa mdomo.

Nilipoitwa kuchukua vitu vyake, nilikwenda nikiwa nimekaza meno. Kipara, aliyefanya kazi meza moja na dada, alinipokea na katoni: koti jeupe, ndala, kikombe kisicho na mkono. Hakuweza kunitazama. Nikamwuliza kama ni kweli dada aliharibu. Akaufunga mlango, akasema hapana. Dada aliiacha chupa ikisafishwa. Mkuu ndiye aliyesema wageni wako njiani, pampu izimwe, tabaka la nne liwekwe hivyo hivyo.

"Nani aliliweka?"

"Mimi, ndugu yangu. Nilitumwa."

"Na alipomsingizia dada, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa nyuma yake."

Sijawahi kumpiga mtu. Siku ile mkono uliniwasha. Nilimwambia abebe ile katoni anifuate, naye akanifuata kama kondoo.

Mkuu alitukaribisha ofisini kwake kwa sauti ya msibani. Nikamweleza kilichotuleta. Kwanza alimkodolea macho Kipara. Kisha akatabasamu.

"Mdogo wangu, marehemu hasemwi vibaya. Tuyaache haya."

"Mbona wewe umemsema?"

Akaanza kunifafanulia kemia. Nikamwacha amalize, halafu nikamgeukia Kipara. Jasho lilikuwa limemjaa kipara chote, lakini alisema: pampu ilizimwa kwa amri yako, mzee, na mimi ndiye niliyeizima. Mkuu akakaa. Akasema sawa, pengine kulikuwa na haraka kidogo, atampigia mama amwombe radhi, yaishe kifamilia.

Nikampigia mama mimi, nikamweka mkuu hewani, sauti nikaiweka spika. Aliongea vizuri, nakiri. Alimsifu dada, akasema kosa halikuwa la marehemu, akaomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi uko wapi, baba?"

"Ofisini kwangu, mama."

"Na yale ya kwanza uliyasemea wapi?"

"Ukumbini, mama."

"Basi nenda huko. Simu usiikate."

Nilidhani atakataa. Alitazama dirishani, akamtazama Kipara, akainuka. Kipara alitangulia kuwaita watu kutoka kwenye meza zao, wengine wakiwa bado na glavu mikononi. Ukumbini mkuu alisimama akiwa ameishikilia simu yangu mbele ya kifua, akasema tena, mara hii bila sifa wala mapambo: tabaka la nne halikuwa la Mama Miti, yeye ndiye aliyekatisha usafishaji. Mtu mmoja nyuma akasonya kwa nguvu. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nimesikia," mama akasema, akakata.

Mkuu alinirudishia simu, kisha akanyoosha mkono tuagane. Nilichukua katoni kutoka kwa Kipara kwa mikono yote miwili, nikatoka.