Ngazi Isiyo na Mwenyewe

...na kuoza wameoza wao, si nyumba ya baba, Stefa anajisemea moyoni, mkoba wake kauweka kwenye kiti cha pembeni asije mtu akakaa, na yule bwana wa jiji bado anaongea pale mbele ya madiwani, eti mtaa hauwezi kuingia kwenye mpango wa kutengenezwa mpaka kwanza utamkwe kuwa umechakaa, ndiyo sheria ya jimbo la Wisconsin, umechakaa, kibaraza anakisugua kila Jumamosi tangu yu msichana halafu leo kimechakaa, wacha jina lake liitwe tu, atasimama awaambie hapana, mtaa wetu utoeni... eti kodi ya majengo inayolipwa leo itabaki palepale, ya shule na zimamoto, ila mtaa ukipendeza nyumba zikapanda bei, kodi itakayozidi italipia mabomba na taa na njia za miguu, basi si ndiyo bakuli la mama la unga wa maandazi kabla ya Kwaresima, uliomo ndani wa shule, unaofurika ukingoni wa mtaa, mbona rahisi, lakini usipoumuka je, na ukiumuka sana si kodi yake yeye mjane nayo itaumuka... Ortega wa duka la mikate anauliza hilohilo, anajibiwa wazee watapunguziwa, haya, ameuliza vizuri, maskini Ortega, bila njia ya miguu wateja wanamkimbia, alimwomba juzi kwa adabu, Bibi Stefa usitupinge, akampa na mkate, mkate ameula lakini hakuahidi kitu... na Klara yule, safu ya mbele, kofia ya kijani, mdogo wake wa tumbo moja, anakaa ghorofa ya chini yeye anakaa ya juu na hawasemeshani, hajageuka hata mara moja, mgongo tu, mgongo wa kiburi ule tangu utoto... sasa picha nyingine ukutani, ushahidi wa uchakavu, anasema bwana, na ukumbi unacheka, ewe Yesu na Maria, ni ngazi yao ya nyuma, mbao zimening'inia, na tambara la deki la Klara limeanikwa juu yake, mtaa mzima umeoza kwa ushahidi wa ngazi yao... baba aliinua nyumba nzima kwa jeki, mama yumo ndani anapika supu ya kabichi, kakataa kushuka, baba akajenga ghorofa nyingine chini yake, akafa amesema juu ni kwa Stefa, chini ni kwa Klara, ngazi hakuitaja, Stefa akasema inaanzia ardhini basi ya Klara, Klara akasema mimi sipandi, anayepanda ndiye atengeneze, na kila majira ya baridi yakaondoka na ubao wake, wao wanatazamana... Klara ameitwa, anasimama, haya sasa, atamtupia yeye lawama ya ngazi mbele ya watu...

"Naitwa Klara, nakaa chini. Ngazi hiyo yangu, na ya dada yangu yule kule nyuma, anayejifanya hanioni. Baba aliinua nyumba, sisi mbao chache zimetushinda. Andikeni tumechakaa, mtutengenezee mtaa. Ngazi tutatengeneza wenyewe."

...tutatengeneza, nani kamwambia, hata kuulizwa hakuulizwa, anataka kukasirika na kicheko ndicho kinachomjia, anakimeza, kinapanda tena, yangu na ya dada yangu, neno hilo lingesemwa jikoni wakati mama yupo hai, limekuja kusemwa kwa kipaza sauti mbele ya madiwani, mjinga Klara, mjinga mpenzi... na lile hapana alilokuja nalo limekwenda wapi, analitafuta halipo, lililopo ni bakuli la mama, na Ortega anamtazama kwa macho ya mkate, haya Ortega, ndiyo, ndiyo yako hiyo... karani ameshika karatasi, jina lililobaki ni lake, la Kipolandi, anaanza, Przy... anakwama, kila mtu hukwama hapo, acha akwame kidogo, Stefa anautoa mkoba kwenye kile kiti anauweka sakafuni, Klara anarudi na kofia yake, ama atakuja ama hatakuja, na ile ngazi yeye ataanzia juu, Klara aanzie chini, atakayechelewa kufika katikati ndiye atakayenunua samaki wa Ijumaa.