Saa Mia Mbili za Ng'ambo ya Mto

Kwa miaka kumi na tisa Marlys Tvedt alifanya kazi katika ofisi ya msajili wa Chuo cha Ostrander bila kukosa usingizi hata siku moja kwa ajili ya kazi hiyo. Alipiga mihuri, alitoa nakala za matokeo, aliwaelekeza wazazi waliopotea wakitafuta mabweni. Kisha Januari ile mwenzake aliyeshughulikia mambo ya leseni alistaafu, akahamia Arizona kufuata jua, na jalada lake likatua mezani kwa Marlys.

Ndani ya jalada mlikuwa na jedwali refu. Upande mmoja yameorodheshwa majimbo yote hamsini. Upande wa pili fani ambazo mtu hawezi kuzifanya bila leseni ya jimbo: ualimu, uuguzi, ushauri nasaha. Katika kila kisanduku chuo kilitakiwa kuandika jibu moja kati ya matatu. Shahada yetu inatosha kupata leseni huko. Haitoshi. Hatujui. Kila jimbo lina bodi yake na kila bodi ina masharti yake, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa mapema, asije akasoma miaka mitatu halafu akaishia kutundika cheti ukutani.

Kwa Ostrander jambo hilo halikuwa la mbali. Chuo kilikaa ukingoni mwa Mississippi, na ukivuka daraja tu uko jimbo jingine. Watu walivuka kwenda kujaza petroli, kwenda kanisani, kwenda kuoa. Hakuna aliyefikiria kwamba katikati ya daraja lile sheria hubadilika.

Marlys akaamua kuanza na jirani huyo, maana ndiko walikotoka wanafunzi wengi. Mapema Februari, barafu ingali imeganda mtoni, alipiga simu kwenye bodi ya washauri nasaha ya ng'ambo. Alisubiri dakika arobaini akisikilizishwa muziki wa filimbi. Mwisho akapokea mama mmoja mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya kabla ya chai ya saa nne. Mama huyo alimweleza kwamba masharti yalibadilika miaka miwili iliyopita. Sasa mtu anayeomba leseni lazima awe amefanya saa mia nane za mafunzo kwa vitendo, tena azifanye akiwa bado mwanafunzi. Saa za baada ya kuhitimu hazihesabiwi.

Ostrander ilikuwa ikiwapa wanafunzi wake saa mia sita.

“Na kama mtu ana mia sita?” Marlys aliuliza, ingawa alijua swali lenyewe halina maana.

“Basi hana mia nane, mama,” akajibiwa.

Alipofungua jedwali, kisanduku cha jimbo lile kilisema inatosha. Tarehe iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Akatafuta orodha ya wanafunzi. Kumi na mmoja wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha walikuwa wakaazi wa ng'ambo, na wanne kati yao walitarajiwa kuhitimu Mei. Alihesabu majina yale mara tatu, kama kwamba mara ya tatu yangepungua.

Siku ileile alipanda ghorofani kwa mkuu wa kitivo, Daktari Alden Prewitt. Prewitt hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Marlys baadaye. Mume wa Marlys, Harlan, alipopasuliwa nyonga, Prewitt mwenyewe ndiye aliyewaletea nyumbani supu ya kuku na tambi. Alimsikiliza Marlys mpaka mwisho, akavua miwani, akasugua macho. Alimkumbusha kwamba mwaka uliopita walifunga idara mbili. Habari hizi zikivuka mto sasa, alisema, Septemba hawatapata mwanafunzi hata mmoja kutoka kule, na idara ya tatu itafungwa pamoja na walimu wake. Atalipeleka suala hili kwenye kikao cha Juni. Kwa sasa kisanduku kile kibadilishwe.

“Andika hatujui,” alisema.

“Lakini tunajua, Daktari.”

“Tumejua leo asubuhi, Marlys. Nipe muda.”

Marlys akashuka ngazi, akakaa, akafuta neno inatosha, akaandika hatujui. Haikumchukua hata dakika moja.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anasahau alikokuwa akienda. Kazini alipanga upya makabati ambayo hayakuwa na tatizo. Nyumbani aliwasha tanuri kuoka viazi na nyama ya kusaga, akakumbuka baada ya nusu saa kwamba hajaweka bakuli ndani. Harlan, ambaye alifanya kazi miaka thelathini kwenye matishari ya mtoni na hakuwa mtu wa maneno mengi, alimtazama akisugua sufuria lililokwisha kung'aa.

“Hilo sufuria limekukosea nini?” akamuuliza.

Akamwambia yote. Harlan hakutoa ushauri. Aliuliza tu kama wale wanne wanajua. Marlys akasema hawajui. Harlan akarudia kuangalia taarifa ya hali ya hewa, na Marlys akatamani angalau angemgombeza.

Wiki ya kwanza ya Machi, Twyla Beaumier alikuja dirishani. Marlys alimfahamu kwa sura na kwa salamu za dirishani: mwanamke wa miaka thelathini na tisa, dereva wa basi la shule huko ng'ambo, ambaye alizoea kuja darasani akiwa bado amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa. Kwa miaka mitatu alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, akawapeleka watoto shule, akavuka daraja kuja kusoma, akarudi kuwachukua watoto. Kaunti yake haikuwa na mshauri nasaha hata mmoja. Mtu akizidiwa na mawazo au pombe ilibidi aendeshe gari saa nzima. Kliniki ya kaunti ilikuwa imemwahidi kazi.

Alipitisha karatasi chini ya kioo. Ilikuwa fomu ya bodi. Sehemu ya pili ilitakiwa ijazwe na chuo: afisa athibitishe kwa saini kwamba masomo ya mwombaji yanatimiza masharti ya jimbo.

“Hapo tu, dada,” Twyla alisema, akionyesha mstari kwa kidole. “Ukinitilia saini, mwezi wa sita unaniona ofisini kwangu na kiti cha kuzunguka. Nimechoka kukaa kiti kinachonuka matapishi ya watoto.”

Marlys alicheka kwa sababu Twyla alicheka. Akamwambia aiache fomu, arudi Alhamisi.

“Saini moja inahitaji siku tatu?”

“Kuna jambo naliangalia.”

Twyla alimtazama kidogo, kisha akaondoka kuwahi watoto wa basi lake.

Prewitt alipoonyeshwa ile fomu alisema kuna namna. Aongeze maneno “kwa kadiri ya ufahamu wetu”, kisha aweke saini. Marlys aliirudisha mezani kwake, akachukua kalamu, akaandika tarehe. Akaandika cheo chake. Mkono ulipofika kwenye mstari wa saini ulisita. Ufahamu wake ulikuwa na kiasi kamili: mia nane kutoa mia sita. Hakukuwa na kadiri hapo. Akaifunika kalamu, akavaa koti, akatoka kutembea ukingoni mwa mto kwenye upepo unaokata masikio, mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Alhamisi hakungoja Twyla afike dirishani. Alimpokea mlangoni, akamwingiza katika chumba cha mikutano, akamwambia kila kitu bila kuzunguka, pamoja na kile kisanduku na mkono uliobadilisha neno.

Twyla alivua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

“Umejua lini?”

“Mwezi uliopita.”

“Mwezi mzima.” Sauti yake haikupanda. “Mwezi mzima napita hapo dirishani, unaniuliza barabara ikoje, inateleza? Na kichwani una hii?”

“Ndiyo.”

“Na unataka nikushukuru?”

“Hapana.”

“Vizuri. Maana nilikuwa naanza kuogopa.” Akafuta uso kwa kiganja, kwa hasira. “Mama yangu ameshawaambia watu wa kanisa zima. Ameshaagiza keki, Marlys. Niende nikamwambie nini, kwamba mwanao amekuwa mshauri wa upande mmoja wa daraja?”

Marlys alimrudishia fomu ikiwa haina saini. Twyla akaitazama ile tarehe na kile cheo, akaelewa jinsi ilivyobaki kidogo, akaikunja mara nne na kuondoka bila kuaga.

Mchana huohuo, kabla ujasiri haujamtoka, Marlys aliwaandikia barua pepe wanafunzi wote kumi na mmoja. Ilikuwa fupi. Iliwaeleza masharti mapya, pengo la saa mia mbili, na kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa na mtu aliyekwisha kuhitimu. Aliweka nambari ya simu ya bodi na jina lake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye jedwali, akaandika haitoshi.

Saa tatu asubuhi iliyofuata aliitwa juu. Prewitt hakufoka. Alisema amepokea simu sita tangu saa mbili, mojawapo ya mwanasheria, na kwamba alichomwomba kilikuwa muda tu. Marlys akamwambia kwamba muda anaoomba si wake, ni wa wale watu, na ukipita Mei hakuna wa kuwarudishia. Prewitt akauliza sasa anataka wafanye nini.

Alichotaka kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi aliyokuwa ameikunja mfukoni. Chuo kiongeze somo moja la majira ya joto, la saa mia mbili za vitendo, na wale wanne wasihitimu Mei bali wahitimu Agosti. Bodi ilikwisha kumwambia kwamba hilo litakubalika. Kilichokosekana ni mwalimu mwenye leseni ya kuwasimamia, na walimu wote walikuwa na mipango yao ya likizo.

Alimwendea Profesa Ingrid Sandvold wa idara ya ushauri nasaha, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyekuwa amekwisha kukodi nyumba ya ziwani kwa ajili ya kuvua samaki na wajukuu. Sandvold alimsikiliza akiwa anakula sandwichi ya mayai. Akauliza ni nani aliyeruhusu kosa hili likae miaka miwili. Marlys akasema ni ofisi yake. Sandvold akatafuna, akameza, akasema yeye pia angeweza kusoma barua za bodi, ila alikuwa akizitupa.

“Wajukuu watakuja Agosti mwishoni,” alisema. “Samaki hawaendi popote.”

Prewitt alitia saini somo lile siku mbili kabla ya muda wa kuandikisha masomo kwisha. Siku hiyohiyo Marlys alipewa barua ya onyo, ambayo iliingia katika faili lake, na kazi ya jedwali ikahamishiwa kwa kijana wa idara ya kompyuta. Yeye alipangiwa vibali vya kuegesha magari. Miezi yote ya joto aligombana na watu kuhusu stika za rangi ya bluu na za rangi ya kijani, na kila alipomwona mtu mwenye kizibao cha chungwa akivuka uwanja, aliinuka kuangalia kama ni Twyla.

Kati ya wale wanne, watatu walibaki. Wa nne, Lyle Kettner, aliyekuwa na watoto wawili na kazi ya zamu katika kiwanda cha kusindika nyama, alisema hana tena majira mengine ya joto ya kutoa. Alichukua cheti chake Mei, akapiga picha na watoto, akarudi kiwandani. Marlys alimpigia simu mara mbili. Mara ya pili mkewe ndiye aliyepokea, akamwomba kwa adabu asipige tena.

Twyla alifanya saa zake katika nyumba ya kina mama waliokimbia vipigo, siku sita kwa wiki. Kliniki ya kaunti haikuweza kumngojea. Nafasi ile ilipewa mtu kutoka mbali. Aliomba leseni hata hivyo.

Bodi huchapisha majina ya wenye leseni mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Kuanzia Septemba Marlys alifungua orodha ile kila asubuhi kabla ya kuvua koti. Mwezi wa Novemba, Jumanne moja, jina lilikuwapo: Beaumier, Twyla Jean, mshauri nasaha, leseni hai. Chini yake, mahali pa kazi paliandikwa ile nyumba ya kina mama. Alilisoma mara kadhaa. Alifikiria kumpigia simu, akachukua simu, akairudisha mezani. Twyla hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya chumba cha mikutano, na Marlys hakuona kwamba Twyla ana deni la kumsemesha.

Kisha akateremsha orodha mpaka herufi ya K, akamtafuta Kettner, kama alivyofanya jana yake na juzi, ingawa alijua hawezi kuwamo. Hakumwona. Nje mtu alikuwa akigonga kioo, ameegesha pasiporuhusiwa na anataka kujieleza.