Klabu Jasho Yakimbia Bila Wimbo

Kipindupindu kilipoingia mtaa wa Mutakura, vita vilikuwa vimekwisha kuzeeka. Watoto waliozaliwa pamoja navyo walikuwa tayari wanajua kusoma, na wakazi walikuwa wamejifunza adabu zake zote: saa ya kufunga mlango, barabara ya kuepuka, mlio wa kulala chini na mlio wa kuendelea kula. Kipindupindu hakikuwa na mlio. Kwa hiyo wakubwa wa zoni wakafunga kila kilichoweza kufungwa: shule, harusi, matanga, viwanja vya mpira, hata majiko ya wachoma mahindi. Kilichobaki wazi ni vita peke yake.

Ndivyo Eddy alivyorudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni, akiwa na sanduku la bati na sifa zake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Huko shuleni aliheshimika kwa kumzika mende nyuma ya bwalo kwa ibada kamili, yenye mahubiri, sadaka na wafiwa wawili waliolia machozi ya kweli. Mama yake, Spéciose, alimpokea langoni kwa ndoo ya maji ya klorini, akamwosha mikono kama mtoto mchanga, kisha akamnong'oneza kwamba baba yake hacheki siku hizi, asimjaribu.

Baba huyo, Révérien, alikuwa karani wa posta siku za kazi, na Jumapili alikuwa mtu mkubwa zaidi. Jumapili asubuhi alikuwa sauti ya Klabu Jasho. Klabu Jasho ilikuwa kundi la watu wa mtaa, wanene kwa wembamba, waliokimbia pamoja wakiwa wamebanana kama kuni katika mzigo, wakipiga makofi na kuimba. Révérien alitupa mstari, wengine wakaudaka. Wimbo ndio uliokuwa kibali chao. Askari wa kizuizi cha njia panda waliusikia kutoka mbali, wakajua hao wanaokuja ni wanamichezo, wakasogeza kamba. Siku nyingine waliitikia na wao, bunduki begani.

Kisha Révérien akaugua. Hakufa, na hapo ndipo ulipoanza msiba wake. Alipelekwa kwenye mahema ya wagonjwa mchana kweupe, juu ya toroli la matofali, miguu ikining'inia, na nyuma yake akitembea mtu wa afya mwenye barakoa, akinyunyizia dawa barabarani kila hatua, kana kwamba anafuta njia ili mgonjwa asije akakumbuka pa kurudia. Mtaa mzima ulisimama kutazama. Huko mahemani alilazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, na waliokuja kuwaona wagonjwa wao waliona pia tundu na ndoo. Aliporudi, mkeka wake ulikuwa umechomwa moto. Akaketi kwenye kiti cha kamba sebuleni, na tangu hapo hakuvuka lango. Muuguzi alimwambia miguu yake itanyauka asipotembea juani. Alimshukuru muuguzi, akaendelea kuketi.

Eddy alimtazama baba yake siku mbili tatu, akafikia uamuzi kwamba jambo hili linahitaji mtaalamu, na kwamba mtaalamu ni yeye.

Jaribio la kwanza lilikuwa kumwambia kwamba mkubwa wa posta amesimama kwenye kona na anaona haya kuingia. Révérien alivaa viatu, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akafika hadi langoni. Hapo akasimama, akanusa, akauliza mkubwa huyo amevaa nini. Eddy alimvika suti ya kijivu na tai. Révérien alivua viatu palepale, kwa sababu mkubwa wa posta alikuwa mwanamke.

Jaribio la pili lilikuwa la kisanii zaidi. Eddy aliwazungukia majirani, akawaomba wapite mmoja mmoja langoni na kusema wamemkumbuka baba yake. Walikubali, maana kweli walikuwa wamemkumbuka. Mwanamwema, aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko dogo la barabarani, ndiye aliyeharibu. Alijitanda kanga mpya, akasimama langoni kama mtu anayepigwa picha, akasema mtaa umepoa kama chai iliyosahauliwa. Kinyozi alikuwa amesema hivyohivyo asubuhi, na fundi wa baiskeli jana yake. Révérien alimuuliza kwa upole kama ni Eddy aliyemfundisha. Mwanamwema akaangua kicheko, akasema wallahi, yeye si mtu wa kuficha.

Kuanzia siku hiyo Révérien alipokea kila neno jema lililotoka nje kama maziwa yanayoshukiwa kutiwa maji. Alilionja, akaliweka chini.

Basi ugonjwa ukapungua, na asubuhi moja chifu wa zoni akapita na kipaza sauti juu ya pikapu. Alitangaza kwamba wananchi wanaruhusiwa tena kufanya michezo ya nje, ila kwa usalama. Watakimbia mmoja nyuma ya mwingine, kati ya mtu na mtu pakae nafasi ya kulaza ng'ombe na ndama wake. Hakuna kukumbatiana, hakuna kushikana mikono, hakuna kunywa kikombe kimoja. Na kuimba marufuku. Muuguzi alikuwa amemweleza chifu kwamba kipindupindu huingia kwa mdomo, na chifu, kwa akili yake mwenyewe, akaona heri midomo yote ifungwe.

Jioni ile akaja Mwalimu Léonce, nahodha wa Klabu Jasho, mwalimu wa zamani wa mazoezi ya viungo mwenye kifua cha pipa. Alisimama nje ya lango, umbali wa ng'ombe na ndama, akapaza sauti kusema Jumapili wanaanza tena na wanamtaka mtu wao mbele. Eddy aliapa kwa ishara za mikono kwamba safari hii hahusiki. Léonce alikuwa ameshaanza kuaga Révérien alipoinua kichwa.

"Wote watakaa mbali?" aliuliza ghafla.

"Wote, Papa Eddy. Mutu na mutu, mbali. Ni amri."

"Hata kama mutu hakuugua?"

"Hata chifu mwenyewe akija, atakaa mbali."

Révérien aliitazama miguu yake. "Basi mi nakuja," akasema. "Kama kila mutu anamukwepa kila mutu, nani atajua nani anamukwepa nani?"

Spéciose aliingia jikoni haraka, na Eddy, aliyemfuata kuchukua maji, akamkuta anajifuta uso kwa upindo wa kitenge na kuusingizia moshi, ingawa moto haukuwa umewashwa.

Jumapili Révérien alitoka nje ya lango. Hapakuwa na ngoma wala tarumbeta. Alivuta pumzi tu kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, akaweka mguu barabarani, kisha wa pili. Kaptula yake ya bluu ilimpwaya ikabidi ifungwe kamba. Wanaklabu walikuwa wameshajipanga, kila mmoja na ng'ombe wake wa hewani mbele na nyuma. Walimpungia. Hakuna aliyemkaribia, na hilo halikuwa tusi. Eddy alimwona baba yake akilielewa hilo, mabega yakishuka kidogo kidogo kutoka masikioni. Léonce akainua mkono badala ya filimbi, nao wakaondoka.

Révérien alikuwa mbele, Eddy nyuma yake, wengine nyuma ya Eddy. Hapakuwa na makofi wala sauti, ila viatu vikigonga vumbi. Mwanzoni ilikuwa vizuri. Révérien alikimbia kwa shida lakini alikimbia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii sheria, kila mara aligeuza shingo kuangalia kama nafasi ya nyuma yake inatosha. Wale wa nyuma walichoka, mstari ukakatika vipande. Walipofika kwenye kona ya soko dogo, Révérien aliikata peke yake.

Sokoni walikuwa wamekaa watu wa kawaida, asubuhi ya kawaida, wakipanga nyanya. Waliona mtu mwembamba, macho yamemtoka, anakuja mbio bila neno, anatazama nyuma. Kisha kijana nyuma yake. Kisha mwingine, mbali, na wengine wawili, mbali tena, wametawanyika, kimya. Mtaa ule ulikuwa umekaa na vita miaka mingi mno kuhitaji maelezo. Wanaoimba wakiwa wamebanana ni michezo. Wanaokimbia kimya, mmoja mmoja, wakitazama nyuma, hao wamekiona kitu.

Mwanamwema ndiye aliyesimama wa kwanza. Alimshika mtoto wake mkono, akaliacha beseni la ndagala kama lilivyo, akasema miguu niponye. Kabla vumbi lake halijatua, soko zima lilikuwa limeinuka. Kinyozi akakimbia na mkasi, mteja wake akakimbia na shuka shingoni na nusu ya kichwa imenyolewa. Milango ya maduka ikashushwa kwa kishindo.

Eddy alielewa yote kwa mara moja, na akafanya lile ambalo mtu mwenye busara angelifanya. Alipaza sauti kwamba ni michezo tu, warudi, hakuna kitu. Waliogeuka na kuona ni Eddy, yule wa maziko ya mende, waliongeza mwendo. Mtoto wa Révérien akisema hakuna kitu, basi kipo.

Hapo askari wa njia panda, walioona soko limelipuka bila kujua sababu, wakapiga risasi hewani. Na sasa Klabu Jasho nayo ikakimbia kweli, ng'ombe na ndama wake wakasahauliwa. Mwalimu Léonce aliruka ukuta ambao hakuna aliyejua kwamba angeweza kuuruka.

Révérien peke yake hakukimbia. Alisimama katikati ya barabara, mikono imelegea, akitazama migongo ya watu. Eddy alimvuta kwa kamba ya kaptula, wakaangukia mtaroni, wakalala kifudifudi karibu na maganda ya ndizi.

"Umewaona," alisema Révérien.

"Wamekimbia risasi, papa."

"Apana. Risasi imelia nyuma, wao tayari wako mbio. Walianza kukimbia mbele ya risasi." Alisema taratibu, kama anahesabu stempu. "Nilikuwa mi peke yangu pale. Wamenitazama uso, Eddy. Mwanamwema amenitazama uso, akamushika mutoto wake."

Alikuwa sahihi katika kila hatua ya hesabu isipokuwa jibu. Eddy alifungua mdomo, akakuta humo ndani kuna ukweli mtupu, na hakuwahi kufundishwa namna ya kuutumia.

Hakufa mtu. Alivunjika jino mmoja, vikapotea viatu vingi. Adhuhuri pikapu ilipita tena kutangaza kwamba michezo yote ya nje imesimamishwa mpaka amri nyingine. Révérien aliisikiliza akiwa kwenye kiti chake cha kamba, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeshauriwa.

Walimweleza, wote. Spéciose alimweleza mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu Léonce alikuja akichechemea kumweleza. Mwanamwema alikuja na sahani ya ndagala waliookolewa, akalia langoni kwamba alidhani ni vita, haki ya Mungu, angemkimbia hata padri siku ile. Révérien aliwashukuru kila mmoja kwa upole uleule aliomshukuru nao muuguzi. Mwanamwema alipoondoka, alimgeukia mwanawe.

"Huyu safari hii umemufundisha vizuri."

Eddy aliapa kwa Biblia ya mama yake. Aliapa kwa kaburi la babu. Aliona jinsi kila kiapo kinavyoufanya uso wa baba yake uwe mpole zaidi, na upole ule ulikuwa kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kukuamsha.

Usiku kucha akafikiri. Asubuhi alikuja na kitu pekee alichojua kukitengeneza. Alipiga magoti mbele ya kiti cha kamba, akainamisha kichwa, akasema ni yeye. Usiku wa kuamkia Jumapili alipita sokoni kuwanong'oneza watu kwamba kuna shambulio linakuja, wakiona mtu wa kwanza anakimbia na wao wakimbie. Alitaka kucheka tu. Ndiyo maana walikimbia. Hawakukimbia ugonjwa, walikimbia uongo wake. Papa amchape.

Ulikuwa uongo bora kuliko wote aliowahi kuutunga, na ulikuwa na kila kitu: sababu, njia, mkosaji. Alisubiri kibao kwa hamu.

Révérien hakumpiga. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa, maana siku zote hizo alikuwa akiogopa kumgusa mtu.

"We ni mutoto muzuri," alisema. "Mama yako ana bahati."

"Papa, ni kweli, ni mi—"

"Najua. Nenda ufunge lango, upepo unaingia."

Hapakuwa na upepo. Nje, Mwanamwema alikuwa amerudi kwenye beseni lake, na kinyozi alikuwa anamalizia ile nusu ya pili ya kichwa. Mtu mmoja kati ya waliopita langoni akauliza Papa Eddy anaendeleaje. Eddy alisema anaendelea vizuri, nao, kwa kuwa waliufahamu mdomo ule wa uongo, wakainamisha macho. Akalifunga lango.