Kijiko cha Mwanasiti

Ti, ti, ti. Kijiko kiligonga shingo ya chupa. Stima ilikuwa imepotea kabla ya isha, nami nilikuwa jikoni gizani, nikipima dawa ya kifua ya mwanangu kwa masikio. Mtoto kijiko kimoja, mtu mzima vitatu. Ndivyo tunavyotibiana kwetu Bofu.

Vile vitatu vilikuwa vya mume wangu. Badi ni kipa wa timu ya ligi kuu, na daktari wao amewakataza kumeza hata pipi ya kikohozi bila ruhusa. Alikuwa amekohoa siku tatu na mechi ilikuwa kesho. Nikamtilia kwenye chai ya tangawizi, nikaongeza sukari. Mwanasiti, miaka minne, alinishikia kifuniko.

"Usimwambie baba," nikamnong'oneza.

"Haya, mama."

Asubuhi Badi hakukohoa. Nikajiona daktari bingwa.

Baada ya mechi walichukua mkojo wake. Wiki tatu baadaye ikaja barua: amekutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Mtaa mzima ukajua kabla sijaanua nguo.

"Mama Mwanasiti," akaniuliza Wanjiru, jirani anayeuza mboga, "si ni wewe ulisema watu kama hao wafungiwe maisha?"

Ni mimi. Mwaka jana, mwanariadha mmoja aliposhtakiwa kwa dawa kama hizo, niliandika aya nne kwenye kundi la mtaa, neno "maadili" mara sita. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule ya jioni, na maneno mapya ni kama leso mpya, hukai nayo ndani. Nikapata vidole gumba arobaini na kimoja. Nilivihesabu.

"Wallahi, Swabra, sijameza kitu," Badi aliniapia. Niliingia na barua yake jikoni. Jina refu la dawa lilikuwa lile lile la kwenye chupa, herufi kwa herufi. Shule ya jioni ilinifundisha kusoma. Haikunifundisha kusoma kabla ya kumimina.

Siku saba nikaificha chupa. Ya nane, kamati ya Bunge ilikuja Likoni kusikiliza maoni kuhusu dawa michezoni, na Badi akaitwa ajieleze. Akikosa maelezo, huenda akafungiwa kucheza miaka minne, na ana thelathini na mmoja. Nikaitia chupa kwenye mkoba, nikamshika Mwanasiti mkono, tukaenda. Inshallah nitasema.

Ukumbi ulijaa.

"Na wabunge nao wapimwe!" mzee mmoja alisema, akapigiwa makofi.

"Ndiyo maana alidaka ile penalti!" akadakia mwingine. Badi alitazama viatu vyake.

Nikaomba kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, suala hili ni suala mtambuka..."

"Mama, wewe ni nani?"

"Mke wa Badi. Kwa mtazamo wa jumla, yapo mazingira ambapo mhusika wa tatu, kwa nia njema kabisa..."

"Huyo mhusika wa tatu ni nani?"

Badi akainua macho. Nikatafuta neno kubwa jingine, sikulipata. Lilibaki dogo moja tu, "mimi". Badala ya kulisema nikaitoa chupa, ikagonga kipaza sauti: ti.

Mwanasiti akapanda juu ya kiti, akakisogelea kipaza sauti.

"Mama alimtilia baba dawa yangu kwenye chai."