Mwavuli wa Bi Mwaja

Jua liliingia mlangoni, likafika ukingoni mwa mkeka, na Bi Mwaja akauvuta mkeka ndani. Mwanangu Asia alikuwa amekaa juu yake, miguu imepinda kama pinde mbili. Alikuwa amepita miaka miwili, na hajasimama hata siku moja.

"Mama, mwache aote jua kidogo," nilisema.

"Aote jua, apigwe kijicho? Mtoto wa muungwana haanikwi kama kahawa!"

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Alikuja huku Karagwe kutoka Pangani na msafara wa marehemu mumewe, na njiani homa ikamnyang'anya watoto, akabaki na Saleh tu, ambaye baadaye alinioa mimi. Basi akaapa kwamba damu yake haitaguswa tena na upepo wa milima wala macho ya watu. Yeye mwenyewe akivuka ua alijifunika gubigubi na kufungua mwavuli mweusi, huku akiguna kwa maumivu ya nyonga. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini huruma nayo huchosha.

Kila tiba ilifanyika, mradi iwe ndani. Asia alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, akafungwa hirizi, akakandwa kwa mafuta ya ufuta. Saleh akaleta fundi wa kuunga mifupa, ambaye aliibana miguu kwa vijiti mpaka mtoto akalia sauti ikamkauka. Vijiti vilipofunguliwa, miguu ilikuwa vilevile. Nilitamani kuvunja kitu.

Mimi ni Mnyambo wa Nyabiyonza, mwenyeji wa Karagwe. Kwetu mtoto hupakwa siagi, akalazwa juani juu ya jani la mgomba huku mama analima, na watoto wa umri wa Asia walikuwa wakikimbiza mbuzi. Nilimwambia Saleh hivyo. Alikuwa dukani anapima kahawa, wala hakuinua macho.

"Subiri, Mwanamisi. Mama atatulia."

"Atatulia lini? Mifupa ya mtoto haimsubiri mama yako!"

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

Ati wateja! Nilirudi ndani, nikambeba Asia mgongoni. Bi Mwaja akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Ukimtoa huyo nje, na wewe usirudi."

"Haya mama. Kwaheri."

Nilipita ubavuni mwake nikatoka. Njia nzima nililia kwa hasira, maana mtoto ni wa baba, na wangeweza kuja kumchukua siku yoyote wakitaka. Mama yangu alipoiona ile miguu alishika kichwa. "Mawe, mama wee! Huyu mmemfuga gizani?" Akamvua nguo zote palepale uani, akamlaza juani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa bibi kizee, tabibu mmoja alinieleza. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza kitu cha kuusaidia kufyonza chokaa iliyomo kwenye chakula. Likikosekana, damu hupungukiwa na chokaa, na vitezi vidogo vya shingoni huamuru ichotwe kwenye mifupa, nayo hulegea, na kwa mtu mzima huuma. Nilimsikiliza nikakasirika upya. Kumbe wakati sisi tunakanda miguu, shingo ilikuwa inaikamua! Na dawa ilikuwa pale mlangoni, sisi tunauvuta mkeka kuikimbia.

Mvua za masika za mwaka ule zilipokwisha, Asia alisimama akishika mgomba. Tulikuwa tunavuna maharage nilipomwona Bi Mwaja anakuja, ameegemea bega la Saleh, mwavuli juu. Nikajua wamemfuata mtoto. Nikayaweka maharage chini.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Asia, ambaye aliuachia mgomba, akaja kwake akiyumba, miguu bado imepinda lakini inatembea. Bi Mwaja akakaa chini kwenye udongo, yeye ambaye hakuwahi kukaa pasipo mkeka, akamkumbatia akilia. Huku analia, mkono wake ukauinamisha mwavuli umfunike mtoto.

Nilikwenda nikaushika mpini. Akaukaza. Saleh akafungua kinywa, nikamtazama, akakifunga. Tulishikilia hivyo, mimi na mama mkwe wangu, mpaka vidole vyake vikalegea.

Niliufunga mwavuli nikauweka nyasini. Jua likawapiga wote wawili usoni, Bi Mwaja akafumba macho.

"Marahaba," akasema.